Alikataa Nguruwe, Akachora Tarehe

Ukitaka kumjua Eliakunda Mrutu, anza na nguruwe.

Siku moja alikuja mwenye baa moja ya hapa Mbagala, kijana wa haraka haraka, akitaka bango la kitimoto. Alimtaka nguruwe mnene aliyevaa kofia ya mpishi, anacheka, kashika uma. Eliakunda alimsikiliza mpaka mwisho, akalaza brashi yake kwenye kopo, akasema, "Hiyo sichori." Kijana akadhani ni ishu ya bei. Akapandisha, akapandisha tena. Eliakunda akamwambia, "Ndugu yangu, mie Msabato. Nguruwe simli, na nisichokila siwezi kumsifia mwenzangu akile." Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani yangu pembeni. Mimi ni Mwislamu, Mwishehe jina langu, Mzaramo wa hapa hapa, na nguruwe simtaki hata kwenye ndoto, lakini kwa utani nilimwambia si angemchora kichwa tu. Hakucheka.

Bia alikataa. Sigara alikataa. Alikuja mganga aliyedai anarudisha wapenzi waliokimbia, naye akaondoka na kopo lake la rangi aliyokuja nayo. Basi ikawa sifa mtaani kwamba kitu kilichochorwa na Msabato ni cha kweli. Mama muuza maziwa alikuwa akiwaambia wateja, "Hata bango langu kachora Msabato," na watu wananunua. Nilikuwa namtania kwamba yeye si mchoraji, ni ofisi ya viwango.

Tulikuwa tunashea fremu moja, mimi kushoto na cherehani, yeye kulia na makopo yake. Ijumaa mchana mimi nafunga upande wangu naenda msikitini. Nikirudi, yeye anaanza kuosha brashi, maana jua likizama Sabato yake imeingia na hagusi kazi mpaka Jumamosi lizame tena. Wateja walikuwa wanatuuliza, "Kwani nyie mnafanyaga kazi lini?"

Alizaliwa milimani Upare, wilaya ya Same. Babu yake alibatizwa na wamisionari wa Kijerumani waliopanda milima ile zama za Mjerumani, kwa hiyo Usabato kwao ni kama ukoo. Alianza kuandika herufi kubwa akiwa mdogo, kwenye ukuta wa kanisa la udongo, kwa chokaa. Mke wake alifariki mapema, wala hawakujaliwa mtoto, na hakuoa tena. Aliyekuwa naye ni mdogo wake Vaileth, mjane anayeuza mboga Kibamba, na binti wa Vaileth, Clara. Shule ikifungwa Clara alikuwa anakuja kwetu kumchanganyia mjomba wake rangi, na mjomba alikuwa anamfundisha kivuli kinakaa upande gani wa herufi. Mtoto mwenye akili, anayeuliza swali na kungoja jibu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni vitambaa vya unabii. Wasabato wakifanya mahubiri ya hadhara, wanatundika kitambaa kikubwa chenye picha ili mhubiri aonyeshe kwa fimbo. Mimi nashona pindo la kitambaa cha pamba cha marekani, yeye anachora. Alikuwa anachora sanamu yenye kichwa cha dhahabu na miguu ya chuma na udongo, simba mwenye mabawa, dubu, chui wa vichwa vinne. Chini kabisa anavuta mstari mrefu wa miaka, kutoka zama za wafalme wa Uajemi mpaka mwaka 1844, na hapo mstari unakata. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Mbona umeishia hapo, rangi imekwisha?" Ndiyo akakaa kunieleza.

Kule Marekani, alisema, kulikuwa na mkulima mmoja akiitwa Miller. Akasoma kitabu cha nabii Danieli, akakuta siku elfu mbili na mia tatu, akazihesabu kila siku mwaka mmoja, zikamfikisha miaka ile ya 1840 na kitu. Akaamini Yesu anarudi. Watu maelfu wa kila dhehebu wakamwamini, na mwisho ikatajwa tarehe kabisa, ishirini na mbili Oktoba 1844. Wengine waliacha viazi ardhini bila kuvuna. Jua likazama, likachomoza, na hakuna aliyekuja. Watu walilia mpaka kukapambazuka.

"Kisha?" nikamuuliza.

"Kisha wakatawanyika." Wengine walirudi kwenye makanisa yao ya zamani, wakachekwa. Wengine walikaa kuhesabu upya, tarehe baada ya tarehe. Kikundi kidogo kikasema hesabu ilikuwa sahihi ila tukio halikuwa la hapa duniani. Siku ile Kristo aliingia chumba cha ndani cha hekalu la mbinguni kuanza hukumu. Hao wakaipokea Sabato kutoka kwa Wabaptisti walioishika kabla yao, na kati yao alikuwamo msichana mgonjwa mgonjwa aliyeona maono, Ellen, aliyekuja kuolewa na mhubiri mmoja, White. Ndio wakawa Waadventista Wasabato. Waadventista wengine walibaki na Jumapili yao. Halafu vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, viongozi wa Ujerumani wakakubali waumini washike silaha, waliokataa wakatengwa, nao wakaunda kanisa lao la Matengenezo. Na matawi mengine yakafuata. "Kila anayeondoka," Eliakunda alisema, "anasema sie tuliobaki tumelala."

"Hiyo kesi ya Wapare kabisa, haina mwisho," nikamwambia.

Siku hiyo alicheka. Kisha akaninyooshea brashi. "Lakini sie tulishaungua, Mwishehe. Toka siku ile hatuweki tarehe. Mtu akikutajia tarehe ya Yesu kurudi, mkimbie." Maneno yale nayakumbuka vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kuyasahau.

Zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Unapeleka picha asubuhi, mchana unabeba bango. Makanisa nayo yakanunua mitambo ya kumulika picha ukutani. Eliakunda akabaki na namba za nyumba, "Usikojoe hapa" na mama wa maziwa. Vitambaa vyake vya zamani vikawa vimeviringishwa pembeni, na alikuwa hapendi nivisogeze.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Edgar. Mwalimu mstaafu, shati limenyooka, sauti ya chini unayolazimika kuisogelea ili uisikie. Alikuwa mzee wa kanisa kwa Wasabato, akatoka na watu wake, na sasa walijiita Walinzi wa Saa na walikuwa wakikutana kwenye kiwanja fulani Kibamba. Alikuja na kitambaa kimepauka, akakikunjua juu ya meza yangu ya kukatia bila hata kuniomba. "Hiki ulikichora wewe, fundi," akasema. "Nilibatizwa mbele ya hiki. Mashine haiwezi kumtia mtu hofu ya Mungu."

Eliakunda alikitazama kitambaa kile kama mtu aliyeletewa mtoto wake aliyepotea.

Edgar alitaka kingine, kikubwa mara mbili. Wanyama wale wale na mstari ule ule, ila usiishie 1844. Uendelee mpaka mwaka ule ule tuliokuwa nao, mwezi wa Novemba, Jumatano moja aliyoitaja kwa tarehe yake.

"Mwalimu," Eliakunda akasema, "sie tarehe hatuweki. Unajua."

"Sijakuomba uhubiri. Nimekuomba uchore."

Nilijua atasema, "Hiyo sichori." Nikasimamisha hata cherehani ili nisikie vizuri. Eliakunda akapitisha kiganja kwenye kitambaa cha zamani, juu ya simba, akauliza kama marekani italetwa au anunue mwenyewe.

Wiki zile sijawahi kumwona na furaha vile. Alikuwa anaimba nyimbo za kwao. Alimchora simba ukahisi anakufuata kwa macho unapopita kwenda kuchota maji. Na mwishoni mwa mstari, mahali ambapo Edgar hakuomba kitu, akaweka mawingu yake, yale yenye ukingo wa waridi ambayo hakuna fundi mwingine wa Mbagala anayeyaweza, na chini ya mawingu vilima viwili vya kwao Upare. Kisha akaandika tarehe kwa rangi ya dhahabu, na kivuli upande wa kulia.

"Kwa hiyo Jumatano hiyo nisipokee oda?" nikamtania.

"Ni kazi tu, Mwishehe."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe ni nguruwe," akasema, akanipa mgongo.

Nikashona pindo, Edgar akaja akakibeba. Kibamba ni mbali, ng'ambo nyingine ya jiji, na nadhani Eliakunda alijiambia hivyo hivyo, kwamba kitaenda huko na hakitamhusu. Vaileth aliwahi kumwambia kwamba siku hizi anasali na majirani. Hakumuuliza majirani gani.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, Vaileth akatokea mlangoni na mkungu wa ndizi. Alikuwa anang'aa. Akamwamkia kaka yake, akaniamkia na mimi, akakaa kwenye kopo tupu la rangi.

"Kaka, nimekuja kukushukuru," akasema.

"Kwa lipi?"

"Mie si mjinga, kaka. Nimezaliwa humu, najua sie hatuweki tarehe. Mwalimu Edgar kahesabu mwezi mzima, na mimi moyo unakataa, nakaa nyuma kabisa karibu na njia. Siku wakakitundika kitambaa. Nikaona yale mawingu. Nikaona vilima vyetu, kile cha kisima na kile cha makaburi. Nikasema, huyu ni kaka! Na kaka yangu hachori uongo. Kaka alimkataa nguruwe na njaa ikiwa ndani." Akacheka, machozi yanamtoka. "Toka siku hiyo sina shaka. Nimemtoa Clara shuleni. Mtihani wa nini tena? Tukae pamoja siku zilizobaki, mtu na mwanawe."

Clara alikuwa kidato cha nne. Mtihani wa taifa ulikuwa unaanza Jumatatu ya wiki ile ile ya Jumatano ya Edgar. Miaka minne ya yule binti, na ya mama yake kuuza mchicha juani, ilikuwa imesimama pale mlangoni ikingoja neno moja. Neno lenyewe lilikuwa rahisi: mdogo wangu, nilichora tu, siamini.

Nilimtazama Eliakunda. "Clara... mtihani ni Jumatatu?" akauliza.

"Ungekuwa," Vaileth akasema, kwa furaha.

"Basi," Eliakunda akasema, "tumwombe Mungu."

Vaileth alipoondoka nilimvaa. Sikumwachia. Nilimwambia mtu mzima gani anaona mtoto anatumbukia shimoni halafu anasema tumwombe Mungu. Aliniacha nimalize pumzi, kisha akasema bila kuinua macho, "Nikimwambia siamini, ataniuliza mbona nilichora vizuri vile. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba nilitamani kuchora. Basi. Nilikaa miaka nachora namba za nyumba, nikatamani. Unadhani hilo linasemeka kwa mtu anayelia kwa furaha?" Akaziangalia zile ndizi. Hakuzila, na mimi hazikunipita kooni. Ziliivia pale pale mpaka zikaanza kuita nzi.

Sabato iliyofuata alienda kanisani akarudi mapema, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Baadaye nilisikia alikuwa mwalimu wa Shule ya Sabato, lile darasa lao la asubuhi, akasimama mbele, akafungua mdomo, akaomba mtu mwingine afundishe. Sabato ya baada yake hakwenda hata mbele. Hatia ilimkalia waziwazi. Alikonda shingo. Akawa anachora namba za nyumba anazifuta, anachora tena, kana kwamba saba nayo inaweza kuwa uongo.

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani, akaniambia, "Twende Kibamba. Peke yangu nitarudi njiani."

Kiwanja chao kilikuwa kwenye mteremko, nyuma ya nyumba ambazo hazijamalizika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wameketi kwenye mikeka, watoto wamevaa nguo za sikukuu. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo mbili mbele yao. Nitasema kweli, kilipendeza. Upepo ukikipiga, simba anavuta pumzi. Nilikiona na kile kipande cha pindo nilichokikosea kidogo pembeni, nikaona haya kana kwamba nami nimekaa mkekani.

Edgar alimwona Eliakunda kabla hatujakaa. "Ndugu zangu," akasema kwa sauti yake ile ya chini, "yule pale ndiye mkono uliochora." Wote wakasimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akamshika Eliakunda vidole, akavibusu, vidole vyenye rangi isiyotoka. Vaileth alikuwa mstari wa mbele, kichwa kimeinuka kama mama wa bwana harusi.

Eliakunda akasafisha koo. "Kanisa langu," akasema, "halifundishi tarehe."

Edgar akatabasamu. "Mkono wako ulishakiri, fundi. Mdomo ndio unaogopa."

Watu wakasema amina. Hapo Clara akainuka, sare ya shule bado mwilini, sijui kwa nini alikuwa kaivaa. Akaja mpaka mbele ya mjomba wake. "Shikamoo mjomba," akasema. "Wewe ulinifundisha nisichore nisichokiamini. Naomba uniambie mimi. Unaamini au huamini?"

Mungu shahidi yangu, hakuna mtu aliyewahi kufunguliwa mlango mpana vile. Binti alikuwa anaomba kutolewa pale. Neno moja, na angeshika njia akawahi hata kupitia madaftari yake. Eliakunda akamtazama Clara, akawatazama wale watu wote, akamtazama dada yake aliyeinua kichwa.

"Mungu ndiye ajuaye," akasema.

Clara akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyepewa jibu akaliandika. Akarudi akakaa kando ya mama yake. Njia nzima ya kurudi sikuongea na Eliakunda, na ninavyopenda kuongea mimi, alijua maana yake.

Jumatatu mitihani ikaanza bila Clara. Jumatano mvua ikanyesha asubuhi, mchana kukawaka. Eliakunda hakufungua kopo hata moja. Adhana ya magharibi ilipoita nikaenda kusali, nikarudi nikamkuta amesimama nje ya fremu, ametazama upande wa jua, juu ya mabati.

"Limezama," akasema.

"Linazamaga kila siku."

"Nilikuwa naomba iwe kweli. Si kwa imani, Mwishehe. Kwa woga. Ingekuwa kweli, Clara asingehitaji mtihani, na mie nisingekuwa nimemfanya kitu." Akaketi chini kwenye kizingiti, akalia. Nilikaa naye mpaka giza lilipoingia. Hasira nilikuwa nayo bado, ila mtu anayelia huwezi kumpigia kelele.

Wiki mbili hivi baadaye wakaja, Vaileth na Clara. Vaileth alikuwa amebeba kitambaa kimekunjwa, pindo lina matope. Ule mng'aro ulikuwa umeondoka, lakini macho yalikuwa yanang'ang'ania. Clara akabaki mlangoni.

"Kaka, Mwalimu amekaa tena na hesabu," Vaileth akasema haraka haraka. "Kumbe kuna miezi ya Kiyahudi hakuihesabu. Ni jambo dogo tu. Anasema usihangaike na vingine, futa hapo mwisho uandike Machi." Akakitandaza juu ya meza yangu, mawingu yakaja upande wa kaka yake.

Eliakunda hakukigusa. "Vaileth, siandiki."

"Hutaki kazi?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nambie."

"Sikuamini," akasema. "Ile tarehe sikuiamini hata siku moja. Niliichora kwa sababu nilitamani kuchora kitu kikubwa, na yule mzee akanisifia."

Vaileth akaziba masikio kwa viganja, mtu mzima yule, kisha akaviondoa. "Usiseme hivyo, kaka. Ukisema hivyo, mie nimemnyima mwanangu mtihani kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili yangu."

"Hata siku ile nilipokuja kukushukuru? Hukuamini?"

"Hata siku ile."

"Na kule kiwanjani, mtoto alipokuuliza?"

Eliakunda akainamisha kichwa. Alijaribu kusema pole, ikatoka nusu. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na sikujua niiweke wapi.

Vaileth aliyatazama mawingu yale kwa muda. Hakulia, hakupiga kelele. Akasema, "Afadhali ungemchora nguruwe." Akamshika Clara mkono, wakaondoka, kitambaa wakakiacha.

Walinzi wa Saa hawakurudi kukichukua. Nilisikia wamechapisha kingine kwa mashine, cha plastiki, kina Machi. Machi ikaja ikapita. Wamebaki wachache, na hao wachache nao wamegawanyika wawili, wengine na Edgar, wengine wanasema Edgar amelala. Kitambaa cha Eliakunda alikipaka rangi nyeupe chote, na simba wake. Ile dhahabu ilikuwa nzito, ikawa inajitokeza, akapaka tena.

Kanisani kwake siku hizi anakaa benchi la nyuma. Wana desturi, kabla ya Meza ya Bwana, ule mkate na maji ya zabibu, ya kuoshana miguu wawili wawili, na mwenye kisa na ndugu yake anatakiwa akakimalize kwanza. Mzee wa kanisa kamwambia dada yake alishaambiwa ukweli, inatosha, ashiriki. Hakubali. Anabeba mabeseni, anajaza maji, anapanga taulo, kisha wenzake wakianza kuvua viatu yeye anatoka nje.

Tarehe haandiki tena. Hata wale wa "Tunafungua tarehe fulani" anawafukuza, anawaambia waende kwenye mashine. Juzi alimuuliza muuza chipsi kama mafuta yake ni safi kweli kabla hajamwandikia "Chipsi Safi", ikawa ugomvi.

Clara alirudi mwezi wa kwanza, peke yake, na begi. "Mama kasema nikae kwako nisome, nifanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea," alisema. Mjomba akauliza mama kasema nini kingine. "Basi, hilo tu." Vaileth hajakanyaga fremu yetu mpaka leo. Simu ya kaka yake anaipokea, anajibu salamu, anauliza habari ya mtoto, anakata.

Clara anasomea kati yetu, kwenye kona ya meza yangu, na cherehani haimsumbui. Ni mpole kwa mjomba wake, anampikia, anamchanganyia rangi. Ila hamuulizi tena maswali. Nadhani hilo ndilo linalomuuma Eliakunda kuliko yote, maana nimemwona akingoja.

Wiki iliyopita ratiba ya mitihani ilitoka. Clara akaenda kuiangalia kwenye kituo chake cha mtihani, akarudi, akasogeza kopo la rangi nyeusi mbele ya mjomba wake na brashi nyembamba. "Mjomba, niandikie pale ukutani siku ya kuanza, kubwa, niwe naiona," akasema, akamtajia tarehe.

Eliakunda akaichukua brashi. Akapanda kwenye kiti, akasimama mbele ya ukuta. Mkono ukabaki juu. Akageuka, akamtazama binti yule, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Una hakika ni hiyo?"

Clara akamtazama. "Mwalimu Edgar ulimuuliza hivyo?"

Eliakunda akashuka kwenye kiti polepole, akampa brashi kwa mikono miwili. Clara akapanda, akaandika tarehe yake mwenyewe, na kivuli akakiweka kulia, kama alivyofundishwa.